Mstari wa Nne Ubaoni

Songea, Jumapili, 10 Julai 2005. Saa kumi na moja jioni.

Baridi. Ukungu wa milima ya Matogoro leo haukuinuka mpaka saa tano, na hata ulipoinuka jua lilitoka kama limelazimishwa. Nimevaa sweta mbili na vidole bado vinagoma kushika kalamu. Naandika kwanza kwenye daftari. Kesho baada ya vipindi nitapita mjini pale kwenye intaneti nichape, umeme ukiwepo. Nimechagua kuandika mahali ambapo hakuna anayenijua, kwa sababu haya siwezi kumwambia padri wala mwalimu mwenzangu.

Leo nimemfisha baba tena.

Nieleze, maana unayesoma hapa hujui lolote. Baba alikufa miaka kumi na moja iliyopita, akazikwa kwetu Mpitimbi. Alikuwa karani wa chama cha msingi, kazi yake kupima tumbaku ya wakulima ghalani, mpaka ushirika ulipokufa na wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao. Mama yangu hajui kwamba amekufa. Yaani anaambiwa, anajua kwa nusu siku, halafu inapotea na anamuulizia upya. Anayemwambia ni mimi.

Mama ana ugonjwa ambao daktari wa hospitali aliniandikia jina lake nyuma ya kadi ya kliniki: Alzheimer. Alinieleza kwamba ubongo unakufa kidogo kidogo, kuanzia mambo ya juzi kurudi nyuma. Ndiyo maana mama anakumbuka jina la mbuzi wao alipokuwa mtoto, lakini hajui kama amekunywa uji. Kule kijijini ugonjwa huohuo waliupa jina lao. Mama alikuwa anatoka alfajiri na kutembea kwenye mashamba ya watu, akitafuta shamba letu lililouzwa zamani. Hilo lilitosha. Watoto walianza kukimbia wakimwona, na watu wazima wakaacha kumwitikia salamu. Mimi na kaka yangu Osmund tukamhamishia kwangu hapa Msamala. Tulimdanganya kwamba anakuja kusalimia tu. Mwaka wa pili huu anasalimia.

Osmund ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Yeye ndiye aliyeanza kumtibu. Tangu biashara zifunguliwe kila kona ya mji huu ina duka la dawa, na kaka yangu anaamini kila tatizo la binadamu lina boksi lake mahali fulani, ni kulitafuta tu. Alianza na sindano za vitamini kwenye zahanati ya mtu binafsi. Mama alitoboka mikono yote miwili, hamu ya kula ikaongezeka, kumbukumbu ikabaki palepale. Kisha zikaja tembe za kumtuliza, kwa sababu alikuwa anahangaika jioni akitaka kurudi kwao. Zilimtuliza kweli. Alilala kutwa, udenda unamtoka, na akiamka shingo imekakamaa, anageuka mwili mzima kama anageuza gogo. Nilizimwaga chooni baada ya kumwokota sakafuni mara ya pili. Osmund hakuongea nami wiki nzima.

Halafu kulikuwa na unga wa mizizi. Aliununua sokoni kwa mtu mwenye kipaza sauti, ambaye alikuwa anatangaza kwamba unatibu ubongo, minyoo na nguvu za kiume. Mama aliharisha siku tatu. Minyoo hakuwa nayo, na lile la tatu sidhani kama lilimhusu.

Kwenye dawa ya kweli nilikuwa na matumaini. Daktari alisema zipo tembe zilizotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu hasa. Haziponyi, alirudia mara mbili, ila kwa baadhi ya wagonjwa zinashikilia kumbukumbu kwa muda. Osmund aliziagiza kutoka Dar es Salaam. Wiki ya kwanza mama alitapika kila alichokula. Wiki ya tatu nilikuwa natoka bombani na ndoo kichwani, akaniangalia kutoka kizingitini akasema, "Dita, mbona umekonda?"

Nilitua ndoo. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Ila zile tembe hazikuchagua cha kumrudishia. Zilimrudishia jina langu, na zikamrudishia pia akili ya kujua kwamba anapotea. Kabla ya hapo alikuwa anasahau na kuendelea na mambo yake. Sasa alikuwa anashika kikombe, anasahau amekishikia nini, halafu anajua kwamba amesahau, na uso unamvunjika. Siku moja aliniuliza, "Dita, mimi naharibika, siyo?" Mimi niliye na jibu la kila kitu nikamwambia amalize uji wake. Haukupita mwezi, akazimia mlangoni mwa choo. Daktari akampima mapigo ya moyo, akakuta yanakwenda polepole mno, akaamuru tembe ziachwe. Jina langu likaondoka taratibu, kama lilivyokuja.

Siku hiyohiyo daktari alinipa ushauri mwingine. Alisema nisimfanyie mitihani. Nisibishane naye kama kosa lake halimdhuru yeye wala mwingine, nimfuate huko aliko. Siku zake ziende kwa utaratibu mmoja, apewe kazi ambazo mikono yake inazijua, atembezwe, aimbiwe nyimbo za kanisani alizokuwa anaimba. "Hayo nayo ni matibabu, Mwalimu," aliniambia. Nilimtazama. Alikuwa na umri wa watoto niliowafundisha darasa la tatu. Nikajisemea moyoni, huyu dawa imemshinda, sasa ananituma nikaimbe.

Nina miaka ishirini na miwili na chaki mkononi. Najua mtoto asiposahihishwa anabaki na kosa lake. Jumatatu iliyofuata nilinunua ubao.

Mama anajua kusoma. Alijifunza ukubwani, wakati ule wa elimu ya watu wazima, nami nikiwa darasa la tano ndiye niliyemshika mkono akaandika jina lake kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo nilijua pa kuanzia. Nikautundika ubao sebuleni nikaandika mistari minne. Wa kwanza ni siku ya leo. Wa pili: Uko Songea, Msamala. Wa tatu: Anayekutunza ni binti yako Dita. Wa nne: Mume wako alifariki, amezikwa Mpitimbi.

Kila asubuhi anasoma mistari yote, mimi nimesimama pembeni na fimbo ya kuonyeshea. Hapati uji mpaka asome.

Siku ya kwanza alisoma vizuri kuliko nilivyotegemea. Alipofika mstari wa nne alirudia maneno mawili ya kwanza, akageuka kuniangalia, akaketi chini sakafuni. Alivua kitambaa cha kichwa, akajifunga kanga kiunoni, akapiga ukunga.

Huku kwetu ukunga wa msiba hauhitaji tangazo. Wanaousikia huacha walichoshika, anayesonga ugali anaepua sufuria, anayefua anaacha nguo kwenye beseni. Anachota unga, na asiye na unga anabeba kuni, anakuja. Akifika anakaa chini na kulia na mfiwa. Kuuliza nani amekufa kuna wakati wake. Basi uwanja wangu ulijaa kabla sijajua nifanye nini. Wanawake walilia na mama kwa moyo wote, mabakuli ya unga yamepangwa ukutani, mpaka mmoja akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini ni nani. Nilikuwa bado nina chaki vidoleni. Nikasema, baba. Akauliza, baba yupi? Nikasema, baba yangu, yule wa miaka ile.

Hakuna aliyecheka. Walinitazama, wakachukua mabakuli yao mmoja mmoja, wakaondoka.

Mara ya pili walikuja nusu yao. Mara ya tatu walikuja wawili, na walisimama getini kwanza wakinitazama mimi, si mama. Baada ya hapo hakuna. Hata Mama Rukia aliacha, naye ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Tunduru, anakaanga korosho za kuuza na ndiye anayekaa na mama nikiwa shuleni. Mwezi uliopita aliniita uani kwake, akasema bila hata kunitazama, mikono yake iko kwenye sinia:

"Mwalimu, mie nashinda na mama yako. Ananiuliza mzee yuko wapi, namwambia katoka. Basi, anatulia, tunachambua korosho. Wewe ukirudi unamuua mzee. Unapata nini?"

Nikamwambia uongo ni dhambi katika dini yake na yangu. Akasema Mungu anajua kutofautisha.

Swali lake sikulijibu siku ile. Nalijibu hapa.

Nilitaka jina langu. Ndicho nilichokuwa nakipigania. Osmund anakuja Jumamosi na mkate na soda, anakaa dakika ishirini, na mama anamshika uso kwa mikono miwili, anamwita Osmund bila ubao, bila tembe. Mimi ninayemwogesha na kufua mashuka yake, mara ni shangazi, mara ni nesi, mara ni mwizi aliyeingia ndani. Asubuhi anasoma mstari wa tatu kwa sauti, anayekutunza ni binti yako Dita, halafu ananigeukia mimi niliyeshika kikombe chake na kuuliza, "Yuko wapi huyo Dita?"

Akiuliza hivyo, nagonga mstari wa nne kwa fimbo.

Nimeliandika. Siku ambazo hakuuliza, kuna wakati niliuruka ule mstari, nikampa uji. Siku alipouliza, sikuuruka. Kuna asubuhi moja alichafua mashuka mara tatu na kunitemea mate, nikamfanya ausome mara mbili. Nilikuwa najua kitakachofuata na nikasubiri kifuate. Nilitaka na yeye aumie, na sina namna nyingine ya kuiandika.

Sasa leo. Nilichelewa misa ya kwanza kwa sababu mama alikuwa ameficha ufunguo wa mlango, na nilipouliza aliniita mwizi, akasema Osmund akija atanifunga. Nikautafuta kwa saa nzima. Ulikuwa ndani ya kiatu chake. Nikamshika mkono, si kwa upole, nikampeleka ubaoni.

Alisoma. Wa nne aliusoma taratibu, kidole kinafuata maneno. "Alifariki," akasema. "Lini?" Akaketi chini, akavua kitambaa, akajifunga kanga, akalia. Nami nikaenda jikoni kukoroga uji. Namna nilivyozoea inanitisha sasa hivi ninapoandika, ila asubuhi haikunitisha. Nilikuwa nawaza kama sukari inatosha.

Alilia muda mrefu. Nje kulikuwa na redio ya mtu inaimba kwaya, na mtu mwingine anapasua kuni, na hakuacha kupasua. Kisha mama akanyamaza ghafla, kama mtu anayesikiliza. Nikachungulia. Alikuwa anatazama mlango uliokuwa wazi.

"Mbona watu hawaji?"

Nikasogea hadi mlango wa jiko, mwiko mkononi.

"Hawajasikia?"

"Wamesikia, mama."

Akafikiri. Akaokota kitambaa chake, akajifunga tena kichwani taratibu, akaingiza ncha vizuri kama anayetaka kutoka. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Basi bado wanasema mimi mchawi."

Ugonjwa umechukua mazishi ya baba, umechukua ndoa yangu na talaka yangu, umenichukua mimi. Hilo umemwachia. Na majirani ni mimi niliyewamaliza, kwa ubao wangu, mmoja mmoja, mpaka mama akabaki peke yake na msiba usio na mtu. Hata Mpitimbi hawakumfanyia hivyo. Kule walimkimbia, ila baba alipokufa kweli walikuja wote.

Aliniona nimesimama na mwiko. Akanipa mkono, ule mkono wa kupokea pole. "Wewe ndiye uliyekuja peke yako," akasema. "Asante, dada. Hukuniogopa."

Nilitoka nje nikiwa na mwiko huohuo. Mama Rukia alikuwa uani kwake. Nilisema tu, njoo, mama yangu amefiwa. Aliniangalia sana. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na bakuli la unga, kanga kiunoni. Alianza kulia tangu getini, akisema inna lillahi, akimlilia mwanaume ambaye hakupata kumwona. Mama alipokea unga kwa mikono miwili. Walilia pamoja kidogo, kisha mama akataka kujua kama mgeni amekula. Ikawa imekwisha.

Niliufuta ubao kwa upindo wa sketi yangu. Mistari yote.

Mchana jua lilipopata nguvu nilimtoa mama barazani, nikampa gunzi na ungo, tupukuchue mahindi. Mikono yake ina kasi kuliko yangu. Kama kawaida akauliza, "Baba Osmund yuko wapi?" Nikasema, "Yuko ghalani, wanapima tumbaku."

"Leo watachelewa," akasema. "Foleni ndefu." Akaendelea kupukuchua.

Ilikuwa rahisi hivyo. Nilipigana vita mwaka mzima na chaki na fimbo, na kumbe ilihitaji sentensi moja. Yule daktari mwenye umri wa wanafunzi wangu aliniambia bure, mchana kweupe, nikamdharau kwa sababu hakuniandikia kitu cha kununua. Sina tofauti na Osmund. Yeye alinunua maboksi, mimi nilinunua ubao.

Nilikuwa nimeanza kujisikia mtu mwema. Nakiri hilo nalo. Nilianza hata kuimba ule wimbo wa Bikira Maria anaoupenda, naye akaupokea, maneno yote anayo. Tukamaliza beti mbili. Kisha akaacha kupukuchua, akatazama ndani ya nyumba, akatazama barabarani, akanisogelea mpaka goti lake likagusa langu.

"Dada, una roho nzuri," akaninong'oneza. "Nikuombe kitu."

Nikamwambia aseme.

"Nina binti yangu, mwalimu. Anaitwa Dita."

Mikono yangu ilisimama. Alilisema vizuri kabisa, jina langu, bila kusoma popote. Ndilo nililolitafuta kwa sindano na tembe na fimbo. Nikangoja. Nilikuwa tayari kupiga magoti pale barazani.

"Huwa anakuja asubuhi," mama akasema. "Kila akija, kuna msiba. Akija, mwambie sipo."

Akanishika kifundo cha mkono, akangoja jibu. Macho yake yalikuwa ya mtu mwenye akili timamu. Nikamwambia nitamwambia. Akashukuru, akarudi kwenye ungo wake.

Sasa amelala, mapema kama anavyolala wakati wa baridi. Nimekaa hapa nikitazama ukuta wenye ubao mtupu. Osmund amepiga simu kuuliza kama kuna dawa yoyote ya kutafuta wiki hii, kuna mtu anakwenda Dar. Nimemwambia aje, akae na mama hata saa mbili, apukuchue mahindi. Amesema ataona.

Kesho Jumatatu nina kipindi cha kwanza, kwa hiyo nitamwamsha mapema. Ataniuliza mimi ni nani, kama anavyoniuliza kila asubuhi. Nitampa uji kwanza, anywe mpaka aumalize. Halafu nitamwambia kwamba Dita hakuja.